Pasipoti Rukwa: Kwa nini mahojiano ya Uhamiaji yanaanzia kwa babu yako

Fomu ya pasipoti siku hizi inajazwa kwenye simu. Malipo nayo yanapita kwenye simu. Kwa mkazi wa Kalambo, Nkasi au Sumbawanga vijijini, hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Kazi yenyewe iko kwenye bahasha ya kaki atakayoingia nayo ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, na kwenye maswali atakayokutana nayo mezani. Baba yako alizaliwa wapi? Babu je? Bibi mzaa mama alikuwa wa kijiji gani, na alizikwa wapi? Mtu alikuja kuomba kitabu cha kwenda Mbala kuuza maharage, anajikuta anaeleza ukoo mzima.

Maswali hayo huulizwa Dodoma na Morogoro pia. Ila mwombaji wa Morogoro akijibu kwa kusitasita, hakuna nchi nyingine jirani ya kumtilia shaka nayo. Rukwa inayo Zambia kusini, na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kusitasita kule kule, hapa kunamaanisha kitu kingine.

Mpaka uliwakuta watu

Mstari unaotenganisha Ufipa na Zambia ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, yale yale yaliyoipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland na kuiachia Uingereza Zanzibar. Ulichorwa kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika, ukawapitia katikati Wamambwe na Walungu waliokuwa hapo tayari.

Leo Mmambwe yupo Kalambo na yupo Mbala, mji ambao Waingereza waliuita Abercorn. Shangazi yuko huku, binamu yuko kule. Harusi zinavuka, misiba inavuka, mahindi na maharage yanavuka.

Kwa afisa aliyekaa mezani hilo ni tatizo la kweli, wala si lazima liwe roho mbaya. Lugha haimsaidii, maana Kimambwe kinazungumzwa pande zote mbili. Jina la ukoo halimsaidii. Sura ndiyo kabisa. Kinachobaki ni karatasi na maelezo. Karatasi zikikosekana, maelezo yanabeba mzigo wote.

Na mkoa una historia yake. Katumba na Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, yalikuwa ndani ya Rukwa kabla Katavi haijamegwa mwaka 2012. Zaidi ya watu 160,000 kutoka makazi hayo na Ulyankulu ya Tabora walikubaliwa uraia wa tajnisi, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Hao ni Watanzania kama wengine na pasipoti ni haki yao. Ila ushahidi wao ni mwingine: ni cheti cha tajnisi, si hadithi ya babu. Mtoto anayedai uraia kupitia mzazi wa namna hiyo aje na cheti cha mzazi. Kikibaki nyumbani, hakuna maelezo yatakayoziba hilo pengo.

Babu anaingiaje?

Wengi wanachukulia swali la babu kama usumbufu. Lina msingi wa kisheria, na ukiujua unajipanga vizuri zaidi.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kuzaliwa nchini peke yake hakukutosha kumfanya mtu raia moja kwa moja. Ilitakiwa pia angalau mzazi wake mmoja awe amezaliwa Tanganyika. Sasa chukua kijana aliyezaliwa Matai mwaka 1995, mama yake amezaliwa mwaka 1958. Ili kuthibitisha kwamba mama ni raia wa kuzaliwa, ni lazima ijulikane mmoja wa wazazi wa mama alizaliwa upande upi wa mpaka. Huyo ndiye babu anayeulizwa. Kijana hajawahi kumwona, pengine alifariki kabla hata ya Azimio la Arusha, lakini faili linamsubiri yeye.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua njia tatu: kuzaliwa, urithi na tajnisi. Ya urithi inawahusu sana watu wa mpakani. Mama wa Kitanzania aliyejifungulia Mbala kwa sababu uchungu ulimkuta kwa dada yake, mtoto wake ni Mtanzania kwa urithi. Hapo hakuna kosa na hakuna cha kuficha. Lakini urithi unaishia kizazi hicho. Mtoto huyo naye akikua na kuzaa nje ya nchi, hawezi kumrithisha mwanawe uraia kwa njia hiyo hiyo, labda mzazi wa pili awe raia wa kuzaliwa au wa tajnisi.

Ndiyo maana kusema uongo kwamba "nilizaliwa Matai" wakati ulizaliwa Mbala ni ujinga usio na faida. Ukweli ungekupa pasipoti. Uongo ukibainika unakupa kesi, kwa sababu Sheria ya Pasi na Hati za Kusafiria ya mwaka 2002 inahesabu taarifa za uongo kwenye maombi kuwa kosa la jinai.

Baba Sikazwe, binti Nakazwe

Hapa ndipo watu wengi wenye haki yao wanapokwama, na ni jambo ambalo mfumo wa kompyuta haukulifikiria.

Kwa Wamambwe, Walungu na Wanyamwanga, majina mengi ya ukoo hubadilika mwanzo kulingana na jinsia. Mwanamume ni Si-, mwanamke ni Na-. Baba anaitwa Sikazwe, dada yake na binti yake ni Nakazwe. Kwa mwenyeji hilo ni jina moja. Kwa mtu aliyehamishiwa Sumbawanga mwezi uliopita kutoka Tanga, ni watu wawili wasiohusiana.

Mchanganyiko unaanzia shuleni. Mwalimu aliandika "Sikazwe" kwenye cheti cha darasa la saba kwa sababu ndilo jina la baba. Padri aliandika "Nakazwe" kwenye kitabu cha ubatizo kwa sababu ndilo jina la binti. Kwenye kitambulisho cha Taifa likaingia moja kati ya hayo mawili, kutegemea nani alikuwa anachapa siku ile. Akiolewa, anaongeza la mume. Sasa ana karatasi nne na majina matatu.

Ongeza na tahajia. Kuna "Chi" na "Ci", kuna "L" na "R", kuna Elizabeth na Elizabeti. Kwenye simu ya mkononi hayo ni makosa madogo. Kwenye ombi la pasipoti, herufi moja inaweza kukurudisha Matai.

Dawa yake si kubishana mezani. Tofauti ndogo za majina hutengenezewa hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani, inayotamka kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Mabadiliko makubwa, kama mtu kuacha jina moja na kuchukua jingine kabisa, yanahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina iliyosajiliwa. Jambo la busara ni kulimaliza hili kabla ya kulipia fomu. Weka karatasi zote mezani nyumbani, zisome jina kwa jina, tarehe kwa tarehe. Namba ya NIDA yenyewe inakusaidia kukagua: tarakimu nane za mwanzo kati ya 20 ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Machi na namba ya NIDA inasema Mei, tayari umejua swali la kwanza utakaloulizwa.

Ubatizo si kuzaliwa

Ufipa ni nchi ya Wakatoliki tangu enzi za Mapadre Weupe. Misheni kama Kate na Mwazye zimeweka vitabu vya ubatizo vyenye jina la mtoto, wazazi, msimamizi na tarehe. Kwa familia nyingi za uwanda huu, kitabu cha parokia ndiyo karatasi ya zamani kuliko zote inayomtaja babu.

Watu wanaidharau au wanaitegemea kupita kiasi. Cheti cha ubatizo hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Lakini kinaweza kusaidia kukipata. Mtu mzima ambaye hakusajiliwa utotoni anaomba usajili uliochelewa kwa RITA, kupitia msajili wa wilaya, na anaambatanisha ushahidi: cheti cha ubatizo, cheti cha shule, kadi ya kliniki kama panya hawajaila. Kwa aliyevuka umri wa miaka 10 uchunguzi huwa mkubwa zaidi, kwa hiyo anayetegemea kusafiri mwezi ujao ameshachelewa.

Wazee ndio wenye taabu zaidi. Mzazi aliyezaliwa kijijini miaka ya 1950, kituo cha afya hakuna, cheti atakitoa wapi? Kwa hali hiyo Uhamiaji hupokea kiapo cha kuzaliwa cha mzazi. Kama mzazi yupo hai, ale kiapo yeye mwenyewe. Kama ametangulia mbele za haki, anatafutwa ndugu wa karibu anayezijua habari zake. Hili linafaa lifanyike wazee wakiwa bado na kumbukumbu. Familia nyingi hulikumbuka baada ya matanga.

Watoto wa leo wana nafuu. Mpango wa kuwasajili walio chini ya miaka mitano bila malipo, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kusambaa mikoani, umesogeza usajili hadi kata na vituo vya afya. Miaka 20 ijayo swali la mzazi litajibiwa na karatasi. Leo bado linajibiwa na mdomo.

Kwenye bahasha

Orodha yenyewe si ndefu. Fomu iliyojazwa mtandaoni na kuchapwa, yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Kitambulisho cha Taifa au namba yake. Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji. Cheti au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi. Picha, kwa rangi na ukubwa unaoelekezwa kwenye fomu. Ushahidi wa shughuli unayofanya au safari unayokwenda. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa nayo mara nyingi huombwa, hivyo heri kuwa nayo. Mtoto aje na ridhaa ya wazazi.

Nenda na karatasi halisi pamoja na nakala. Nakala peke yake, hata ikigongwa mihuri mitano, haitoshi kwa afisa anayetaka kuona ya asili.

Halafu kuna vishoka. Wapo karibu na kila ofisi ya serikali yenye foleni, wakiahidi kwamba cheti "kinatoka leo leo". Anayenunua cheti cha namna hiyo ananunua uongo ulioandikwa jina lake na kubandikwa picha yake.

"Unakwenda kufanya nini?"

Swali hili linawatoa jasho wafanyabiashara wadogo kuliko lile la babu. Mwanafunzi ana barua ya chuo, mwajiriwa ana barua ya mwajiri. Mama anayepeleka nguo Mbala na kurudi na bidhaa nyingine ana nini?

Anacho zaidi anavyodhani. Leseni ya biashara ni ushahidi. Namba ya mlipakodi, ambayo TRA huitoa bure, ni ushahidi. Kitambulisho cha mjasiriamali, kilichoanza kutolewa Desemba 2018 kwa Sh20,000, kinaonyesha mtu ana shughuli. Risiti za mzigo zinasema zaidi ya maelezo ya nusu saa. Kinachoharibu ni kujibu "natembea tu" kwa woga wa kodi. Jibu hilo halimwondolei mtu kodi, ila linamwongezea mashaka.

Anayevuka ziwa kutoka Kasanga kwenda upande wa Kongo aongeze kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo haihusiani na mahojiano ya pasipoti, lakini ndiyo inayomrudisha mtu bandarini wakati kitabu anacho mkononi. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, chanjo hiyo moja inahesabika ya maisha.

Kadi ya kijani

Kuna jambo linalozungumzwa kwa sauti ya chini Kasesya na vijiji vya jirani. Baadhi ya watu wana namba ya NIDA na wana pia kadi ya kijani ya uraia wa Zambia. Wengine waliichukua ujanani walipokuwa wanaishi kwa mjomba, ili maisha yaende, bila kuona kama ni uamuzi wa uraia.

Kwa sheria ya Tanzania ni uamuzi wa uraia. Mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili. Zambia yenyewe imeukubali uraia pacha kupitia marekebisho ya katiba ya mwaka 2016, na hilo linawadanganya watu kudhani na huku ni hivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo asiingie kwenye mahojiano akitegemea bahati. Amwone mwanasheria kwanza.

Hapa serikali nayo ina deni. Watu wa mpakani wamekuwa wakiambiwa habari za uraia siku wanapokamatwa au siku wanapoomba pasipoti. Elimu ya uraia ingefika mnadani na kanisani mapema, faili nyingi zisingefika mezani zikiwa zimeshaharibika.

Anayeaminika ni nani?

Nchi tajiri zina mipango ya wasafiri wanaoaminika. Marekani ina Global Entry: mtu analipa dola 120, anachunguzwa, anahojiwa akiwa na pasipoti na nyaraka zake, akipita anapunguziwa foleni uwanja wa ndege kwa miaka mitano. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanaweza kuomba.

Afrika Mashariki ina kitu kinachofanana na hicho kwenye forodha, hadhi ya mfanyabiashara aliyeidhinishwa, ambayo TRA huwapa wale wenye rekodi nzuri. Ni ya kampuni zenye hesabu zilizokaguliwa, si ya mwenye magunia manane.

Mwenye magunia manane anaanguka katikati. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa cheti cha asili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, lakini Zambia si mwanachama. COMESA ina utaratibu wake kwa wafanyabiashara wadogo, Zambia imo, lakini Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Nchi zote mbili zimo SADC, na Mtanzania haombi viza kuingia Zambia kwa matembezi. Kwa hiyo mtu anapita kirahisi, mzigo wake haupiti kirahisi. Pasipoti inakuwa ndiyo karatasi pekee inayomjengea jina pale mpakani, muhuri juu ya muhuri.

Hesabu ya laki na nusu

Pasipoti ya kawaida ni Sh150,000: Sh20,000 za fomu na Sh130,000 za kitabu. Kwa mkulima wa Laela kabla ya mavuno, hiyo si hela ya kuchezea, na hapo bado nauli za kwenda na kurudi Sumbawanga, kiapo na cheti.

Lakini kitabu kinadumu miaka 10. Anayevuka mara mbili kwa mwezi atavuka mara 240. Ni Sh625 kwa kila safari. Hati ya dharura ya safari ni rahisi zaidi kwa siku moja, na inamfaa mwenye msiba ng'ambo, ila muda wake ni mfupi na anayevuka kila mwezi anarudi foleni ile ile. Njia ya porini haina ada, hadi siku mzigo unapokamatwa.

Gharama inayouma kuliko zote haiko kwenye bei ya serikali. Ni ile safari ya pili na ya tatu, mtu anapoambiwa arudi na kiapo cha mama. Uhamiaji wakiweka siku maalumu za kupokea maombi Matai na Namanyere, pamoja na msajili wa vizazi na watu wa NIDA chini ya paa moja, sehemu kubwa ya gharama hiyo itaondoka. Mama Nakazwe ataleta kitabu cha parokia na mzee wake siku hiyo hiyo, na afisa atamuuliza mzee mwenyewe.